Ramani ya Siku

Bondeni, Nakuru
17 Novemba 1958

Ndugu yangu Micah arap Keter,

Pokea salamu, na pokea hiyo karatasi kubwa iliyofungwa kwa katani. Usiogope, siyo samansi. Hiyo ni ramani ya siku, na nakuambia kabla hujaifungua: kutoka Naivasha mpaka huko kwenu Keringet kwenye baridi, hakuna fundi mwingine mweusi anayeweza kuichora. Wazungu wenyewe wengi wanababaisha tu.

Unamkumbuka yule sajenti wa mainjinia huko Burma, mwenye jino la dhahabu, aliyekuwa anachora kazi yote ya daraja ukutani kabla hatujashika hata msumari? Wewe ulikuwa unasinzia. Mimi nilikuwa macho, na ndiyo sababu leo wewe ni mzee wa kanisa na mimi ni Obeid.

Isome hivi. Juu kuna miezi. Kando kuna kazi. Kila kazi ina mstari wake wa mkaa: unapoanzia ndipo kazi inaanza, unapokomea ndipo inakoma, na kazi ya chini haianzi kama ya juu yake haijakwisha. Desemba yote wavulana wenu wanabeba mawe kutoka mtoni. Wiki ya pili ya Januari nakuja kuweka msingi wa shule. Februari ukuta unapanda, na wavulana hao hao wanapasua vibao vya kuezekea vya mti wa mutarakwa. Machi nakuja na mafundi wangu wote, tunaezeka.

Maana Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba la pareto, alisema mbele yako na mbele ya nyapara wake: tarehe moja Aprili akikuta paa limesimama pale, tena paa lisilo la nyasi, kile kipande cha shamba lake ni cha shule. Asipoliona, trekta inapita na pareto inapandwa, na watoto wenu wataendelea kujifunza hesabu kwa kuchuma maua yake.

Malipo sitaki. Nataka maziwa yenu ya mursik, kibuyu kizima, na watu waniite Bwana Injinia. Samsam mke wangu anasema nimezidi. Mwambie mkeo Chepkemboi amjibu.

Ni mimi,
Obeid, fundi wa Burma na wa Bondeni


Keringet
10 Desemba 1958

Kwa Bwana Injinia Obeid,

Amani ya Bwana iwe nawe na Mama Samsam. Ramani yako imefika. Chepkemboi ameitundika ukutani juu ya kitanda, na wageni wanadhani ni picha ya treni yenye mabehewa meusi. Ni kazi nzuri sana. Kweli mimi nilikuwa nasinzia.

Kuna jambo moja dogo. Wavulana wamepatwa na homa. Mawe bado hayajaanza kubebwa. Tafadhali, ule mstari wa kwanza usogeze mbele kidogo. Na hii mingine, nafikiri itajipanga yenyewe.

Ng'ombe dume wa sherehe ya paa nimekwisha mtenga. Ni yule mwekundu.

Wako katika imani,
Micah arap Keter


Bondeni, Nakuru
12 Januari 1959

Micah,

Nimerudi Nakuru jana na vumbi lenu bado liko masikioni mwangu. Leo sikusalimu. Salamu zimebaki huko kwenu, zitafute mahali mawe yalipotakiwa kuwa.

Nimepanda lori la Abdisalam na mafundi wangu, na majembe, na kamba, na timazi. Nimefika. Hakuna jiwe hata moja! Hata la kumtupia mbwa! Nikauliza wavulana wako wapi. Mzee mmoja akatazama mawingu. Mwingine akaniuliza bei ya sukari Nakuru. Wewe, rafiki yangu, ukatazama viatu vyako ukasema, "Homa."

Homa gani hiyo, arap Keter, yenye kuchagua? Wasichana wazima. Wazee wazima. Watoto wadogo wanakimbizana na mbuzi. Inashika tu wavulana wenye ndevu zinazochipuka? Na wagonjwa hao mbona hawalali kwao? Nilipita nyumba kwa nyumba na chupa ya dawa ya kwinini mkononi kama mjinga, nikakuta vitanda vitupu.

Ningedhani ni mambo ya jando, ningenyamaza, kila watu wana yao. Lakini wewe mwenyewe mwaka jana ulishika Biblia mbele yangu ukasema watoto wa kanisa lenu hawaendi tena msituni, wanapelekwa hospitali ya misheni, yamekwisha. Kwa hiyo najua si hilo. Limebaki moja. Umewapeleka wakachume pareto ya Bwana Kofia! Umewauza wajenzi wa shule kwa mtu yule yule anayetaka kuilima shule!

Nilichora ramani ile kwa usiku mzima, Samsam akinung'unika juu ya mafuta ya taa. Umeifanya picha ya treni kweli. Treni isiyokwenda popote.

Obeid


Keringet
20 Januari 1959

Bwana Obeid,

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, na mara zote nimekosa pumzi.

Umeniita muuza watoto. Mimi! Mimi niliyekubeba mgongoni pale Burma ulipokuwa unaharisha, ukiniahidi nyumba, shamba na mke wa pili! Mungu akusamehe, maana mimi bado sijapata nafasi.

Sasa na mimi nikuulize. Ramani yako, ya mtu ambaye hakusinzia, inasema paa litaezekwa Machi, na mafundi wote wako juu ya paa jua kali mchana kutwa. Abdisalam alipoleta barua yako nilimwonyesha ile karatasi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mzee, mwezi huo sisi tunafunga! Huyu Obeid atawapandisha watu juu na kiu wakadondoke kama maembe?" Akasema Ramadhani itaingia Machi yenyewe, na itaendelea mpaka tarehe ya Bwana Kofia ipite.

Kwa hiyo ni nani aliyechora treni isiyokwenda? Na ng'ombe wangu mwekundu nimemnenepesha ili mchana mtazamane naye tu?

Kabla ya kuhesabu homa za wengine, hesabu mwezi wenu.

Micah arap Keter


Keringet
25 Januari 1959

Shemeji Obeid,

Nakuandikia bila yeye kujua. Niliandikishwa kusoma misheni kabla sijaolewa, kwa hiyo usishangae mwandiko, ushangae maneno.

Umemkosea mume wangu. Hajauza mtu. Lakini na yeye amekukosea, na mimi nimechoka kulala chini ya hiyo treni yenu huku mnatukanana.

Mimi sijui chochote. Sisi wanawake hatujui mambo ya wavulana yanayofanyika kule juu msituni, na hatutakiwi kujua. Sijui kwamba mwanangu Kiptanui hajalala nyumbani tangu mwanzo wa Desemba. Sijui kwamba aliondoka na wenzake wote wa rika lake, wa kanisa na wasio wa kanisa, na hatarudi mpaka mvua zianze. Sijui kwa nini chakula ninachopika kinachukuliwa na mtu mzima na sufuria inarudi tupu. Kwa hiyo sijakuambia.

Micah alisimama mbele ya kanisa na mbele ya mzungu wa misheni akasema mtoto wake hataenda. Mtoto alikwenda. Micah hakumtuma. Ila asubuhi ile nilimwona ameshika mlango, hakutoka kumfuata. Angekuambia nini? Angeandika wapi jambo hilo kwenye karatasi yako inayoning'inia hapa, kila mwinjilisti akija kunywa chai anaisoma?

Watoto wadogo wananiuliza kila siku shule itaanza lini. Mimi nawajibu, wakimaliza kutukanana.

Msalimie Samsam. Mwambie nakubaliana naye kwamba umezidi.

Chepkemboi


Bondeni, Nakuru
2 Februari 1959

Ndugu Micah,

Leo nakusalimu, lakini bado nimenuna, kwa hiyo ipokee salamu kwa mkono mmoja.

Nimejua. Usiniulize nimejuaje. Nina hasira na wewe kuliko juzi, na hii ni hasira safi. Mimi na wewe tulikunywa maji ya dimbwi moja lenye nyumbu aliyekufa ndani. Ukanificha jando? Mimi, niliyepita kwa wembe wa ngariba wa Bondeni nikapiga kelele mpaka stesheni ya reli wakadhani injini imefika? (Ukimsimulia mtu, nitakana.) Ungeniambia neno moja tu, "Wako ndani," ningepanga upya siku ile ile. Fundi hawezi kupanga kitu anachofichwa!

Na kuhusu Ramadhani: sikuiandika kwa sababu haiandikwi! Nani asiyejua Ramadhani? Inajulikana kama jua! Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti, hapa barazani, Samsam akaniuliza, "Na jando la Wakipsigis, wao wangeliandika?" Nikaenda kuoga.

Basi sikiliza, maana nimechora nyingine, na hii hata sajenti angevua kofia.

Tulikosea mwanzo. Tulianza na mawe kwa sababu kila nyumba huanza chini. Burma hatukufanya hivyo. Mvua ikikaribia tulisimamisha nguzo, tukaezeka, halafu tukajenga kuta tukiwa chini ya paa, wakavu, tunavuta sigara. Na Bwana Kofia alitaka nini? Paa! Hakusema ukuta. Nilimwuliza Abdisalam, aliyekuwa amesimamisha lori lake pale siku hiyo, anasema hivyo hivyo.

Mawe yanataka watu watembee njiani mchana mbele ya mama zao. Wavulana wenu wako jandoni, hawaruhusiwi kuonekana na wanawake. Lakini nguzo na vibao vya mutarakwa viko wapi? Msituni! Ile miti iliyoanguka kwenye mpaka wa shamba, ambayo Bwana Kofia alishasema mchukue. Na wavulana wako wapi? Wakate huko huko, wapasue huko huko, waache pembezoni mwa msitu. Asubuhi mafundi wangu watakuta mbao, hawatauliza zimetoka wapi. Sisi tutafanya kazi tangu baada ya sala ya alfajiri mpaka jua likichoma, tunashuka, tunalala. Ng'ombe mwekundu angoje Idi, na nitamchinja mimi mwenyewe ili kila mtu ale.

Mimi kule msituni siruhusiwi, najua. Wewe umepita huko ujanani. Nenda ukawaambie.

Obeid


Keringet
10 Februari 1959

Ndugu Obeid,

Mpango wako ni mzuri. Naomba uandike jina la mtu mwingine.

Nilimtuma Nicodemus, jirani yangu aliyeacha kanisa, aende kwa mzee anayewatunza kule. Amerudi na jibu. Mzee amesema, "Mbao tunaweza. Lakini arap Keter alisimama mbele ya watu akaiita nyumba hii nyumba ya giza. Aje mwenyewe, kwa miguu yake, aombe hapa mlangoni. Vinginevyo sisi hatujui habari za shule."

Unaona walivyonishika? Nikienda, itajulikana. Mwinjilisti ana macho kila kichaka. Nitaondolewa uzee wa kanisa. Nimekaa benchi lile la mbele tangu tuliporudi vitani, Obeid. Nilibatizwa hapo, nimewazika watu hapo. Na nisipokwenda, nimewanyima watoto shule kwa ajili ya benchi.

Tena kinachoniudhi zaidi: hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za mwanangu. Kanisa linataka nimkane, msitu unataka nipige magoti. Bwana Kofia anataka paa. Wewe unataka mstari wako wa mkaa unyooke. Kila mtu ana tarehe yake, na zote zimeangukia mgongoni mwangu!

Micah


Bondeni, Nakuru
16 Februari 1959

Micah, ndugu yangu,

Nimeandika barua tatu za matusi nikazichana. Moja ilikuwa tamu sana, Samsam alitaka kuihifadhi.

Nimeichora ramani yote upya, na mahali pa "Micah aende" nimeacha peupe. Mkaa wangu haufiki hapo. Siwezi kukuambia acha benchi, maana mimi sijawahi kukaa mbele mahali popote isipokuwa kwenye lori.

Ila ujue hili. Mwezi ukiandama nitakuja na watu wangu, nguzo ziwepo zisiwepo. Zikikosekana tutakaa pale chini kwenye kiwanja, safu moja, mpaka trekta ije. Tutakuwa tumefunga, hatuna haraka ya chakula. Bwana Kofia atazunguka au atatulima.

Na mimi nauliza sasa, maana ni kweli hakuna aliyeuliza: Kiptanui hajambo?

Obeid


Keringet
2 Aprili 1959

Ndugu Obeid,

Uliondoka na mafundi wako mara kibao cha mwisho kilipopigiliwa, ukasema unawahi usiku mkubwa wa mwezi wenu. Umekosa jambo.

Jana Bwana Kofia alikuja na trekta nyuma yake. Akashuka. Akalitazama paa. Akazunguka nguzo zote, akazunguka tena kinyume, kama mtu aliyepoteza mbwa. Akasema, "Ukuta uko wapi?"

Nikamwambia, "Bwana, ulisema paa."

Akamgeukia nyapara wake. "Mimi nilisema paa?"

Yule nyapara, unamjua alivyo mwoga, alitetemeka mpaka kofia ikacheza. Lakini ana binti watatu wadogo. Akasema, "Ndiyo, Bwana. Ulisema paa. Hukutaja kitu kingine."

Akaipiga nguzo kwa fimbo yake. Haikutikisika. Akauliza nani aliyepasua mbao nzuri hivi. Nikamwambia sijui. Akawauliza wazee, hawajui. Akawauliza wanawake, Chepkemboi akamjibu kwa Kizungu, "Mi nat no," yaani hata yeye hajui. Akapanda gari lake bila kuaga, na trekta ikamfuata nyuma. Kiwanja ni chetu!

Sasa lile ambalo hukuniuliza ulipokuwa hapa, nami nakushukuru hukuuliza. Nilikwenda. Nilisimama pale mlangoni, nikaomba. Mzee akanipa kigoda. Hakuna aliyenipigisha magoti. Nilimsikia mwanangu anakohoa ndani, nikajua hajambo.

Jumapili ya Pasaka mwinjilisti alisoma jina langu. Nimeondolewa uzee. Benchi langu sasa ni la mwisho, karibu na mlango, pamoja na watu wasiobatizwa. Na mvua zimeanza, kanisa letu la nyasi linavuja kama chujio. Leo mwinjilisti huyo huyo amekuja kuuliza kwa upole kama wanaweza kusali chini ya paa la shule mpaka kiangazi.

Sijamjibu bado.

Micah


Bondeni, Nakuru
12 Aprili 1959

Ndugu yangu Micah,

Idi imepita vizuri lakini barua yako imenikaa kooni kuliko nyama yote niliyokula.

Waambie walowe! Wametoa jina lako hadharani kwa sababu ya mbao, halafu wanakuja kujificha chini ya mbao hizo hizo? Walowe mpaka vitabu vya nyimbo viote uyoga! Mimi ni Mwislamu, mambo yao siyaingilii, naingilia tu paa langu. Nitakuja na kamba, nitazungushia nguzo zote, nitaandika kibao: HAPA NI SHULE, WENYE MIDOMO MIREFU WAPITE KANDO.

Umefanya jambo ambalo mimi na makelele yangu yote sijawahi kufanya. Nimemsimulia kila mtu Bondeni. Nimejiongezea kidogo mahali pangu, lakini pako sikugusa.

Nawachukia kwa niaba yako, maana najua wewe hutaweza.

Obeid


Keringet
4 Mei 1959

Shemeji Obeid,

Micah yuko mtoni na wavulana, wanabeba mawe, kwa hiyo nakujibu mimi. Treni yenu bado iko ukutani. Nimeichorea mwenyewe kwa mkaa mstari wa jando na mstari wa mfungo, ili mwaka kesho msitutie aibu tena.

Umesema walowe. Micah aliwaambia, "Karibuni." Nilimkasirikia siku nzima, na wewe unaweza kuendelea pale nilipoachia.

Jumapili walikuja na mabenchi yao vichwani. Wakayapanga: la wazee mbele, la Micah nyuma kabisa. Lakini shemeji, nyumba yako haina ukuta. Katikati ya wimbo wa pili mvua ilikuja na upepo kutoka upande wa mbele, ikawapiga wazee usoni. Mwinjilisti akasogea nyuma kidogo. Wazee wakasogea. Mabenchi yakaburutwa. Kufika kwenye sala, wote walikuwa wamebanana kule nyuma kumzunguka Micah, magoti kwa magoti, na mwinjilisti ameshika mwavuli juu ya Biblia akiwa karibu kumkalia mapajani. Micah alisogea akampa nafasi. Mimi nilicheka ndani ya leso mpaka mama mmoja akadhani nimeokoka upya.

Kiptanui ametoka. Ana jina la mtu mzima sasa, na sauti nzito anayoisikiliza mwenyewe. Juzi nilimpeleka kuona shule, maana yeye hajawahi kufika hapo, si ndiyo? Alitembea moja kwa moja mpaka nguzo ya kona, akaweka kiganja juu ya mahali penye fundo la mti, kama mtu anayemshika ng'ombe wake.

Nikamwuliza, "Nani alizipasua hizi, baba?"

Akasema, "Sijui, mama."

Nikamwambia hata mimi sijui. Tukasimama hapo, mvua inapiga juu, wala paa halikuvuja.

Njoo na Samsam. Ng'ombe mwekundu bado anakungoja, na amechoka kunenepa.

Chepkemboi